Je, wajua kwa nini mhobiti hutoa zawadi siku yake ya kuzaliwa?

Hapa Nairobi, mtu akifikisha siku yake ya kuzaliwa anajua mambo mawili yanamngoja: kumwagiwa maji na marafiki, na kuulizwa keki iko wapi. La pili ni la ajabu kidogo, kwa sababu mwenye sherehe ndiye anayegharamia. Wapenzi wa hadithi za fantasia wakiligusia, hakukosi mmoja wa kusema, "Kama wahobiti." Na mwenzake huongeza, bila kusita, kwamba wahobiti hawapokei zawadi siku ya kuzaliwa, wao hutoa tu.

Kwamba wahobiti hutoa zawadi ni kweli. Kwamba hawapokei si kweli, na ndiyo nusu inayopendwa zaidi.

Kwa asiyewajua, wahobiti ni watu wafupi wenye manyoya miguuni waliobuniwa na J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akapelekwa Uingereza akiwa na miaka mitatu. Wanaishi Shire, nchi ya mashamba, wanapenda kula, na wanazijua nasaba zao kupita kiasi. Hayo yanatosha kwa leo.

Tatizo linaanzia katika juzuu ya kwanza ya The Lord of the Rings, iliyotoka 1954. Sura ya kwanza ni sherehe: mhobiti Bilbo anatimiza miaka 111, na siku hiyohiyo, Septemba 22, jamaa yake Frodo anatimiza 33, umri wa kuhesabiwa mtu mzima. Bilbo anasimama langoni mwenyewe akimpa kila anayeingia zawadi. Wapo wanaotokea mlango wa nyuma na kuzunguka ili waingie upya langoni, wapewe ya pili. Msimulizi anaeleza kwamba hiyo ndiyo desturi yao: mtu hutoa zawadi siku yake, kwa kawaida zisizo ghali, na kwa kuwa katika vijiji vile kila siku ya mwaka ilikuwa siku ya kuzaliwa ya mtu fulani, kila mhobiti alikuwa na nafasi nzuri ya kupata zawadi angalau moja kwa wiki.

Hakuna mahali anaposema hawapokei siku zao wenyewe. Ananyamaza tu, na wasomaji wakaujaza ukimya huo kwa jibu walilolipenda. Ndivyo desturi ya kutoa ilivyogeuka, midomoni mwa watu, kuwa desturi ya kutoa pekee. Ukilitazama vizuri, dai hilo linavunjika katika sura inayofuata tu. Humo Sméagol, kiumbe wa jamii ya wahobiti atakayekuja kuitwa Gollum, yuko mtoni na mwenzake Déagol, ambaye ameokota pete ya dhahabu. Sméagol anaitaka, na sababu anayoitoa ni kwamba leo ni siku yake ya kuzaliwa. Déagol anamjibu kwamba zawadi ameshampa, tena iliyozidi uwezo wake. Baadaye Gollum anabadilisha maelezo na kudai kwamba pete alipewa na bibi yake, aliyekuwa mkuu wa familia. Kama mwenye siku hutoa tu, dai la Sméagol halina miguu: yeye ndiye aliyepaswa kufika mtoni na kitu mkononi.

Chanzo halisi cha mgongano huu ni cha kawaida kabisa. Tangu The Hobbit, hadithi ya awali ya Tolkien ya 1937, Gollum alikuwa akiiita pete zawadi yake ya siku ya kuzaliwa. Miaka 17 baadaye mwandishi yuleyule akachapisha sherehe ambayo zawadi zinakwenda upande mwingine. Msomaji mmoja makini aliliona hilo, akamwandikia kuuliza.

Tolkien angeweza kusema ameteleza, yakaisha. Badala yake aliketi kama mtafiti wa mila aliyerudi kutoka kijijini na daftari limejaa. Rasimu ya jibu lake ni ya mwishoni mwa miaka ya 1950, na ilichapishwa katika mkusanyiko wa barua zake mwaka 1981. Ni ndefu kuliko swali lilivyostahili, na ni mojawapo ya vitu vya kufurahisha zaidi alivyoandika kuhusu wahobiti. Jibu lenyewe ni kwamba desturi zilikuwa mbili, zenye asili tofauti, zilizokutana siku moja.

Kupokea kulikuwa jambo la ukoo. Kulitokana na kumtambua mtoto kuwa mmoja wao, pale jina lake lilipotangazwa mbele ya jamaa. Ndiyo maana baba na mama hawakumpa mtoto wao zawadi siku hiyo, isipokuwa kama alikuwa wa kulea. Mkuu wa familia ndiye aliyetarajiwa kutoa kitu, hata kama ni kidogo cha kuonyesha tu. Kufikia wakati wa sherehe ya Bilbo, wajibu huo ulikuwa na mipaka inayoweza kupimwa: ulimbana mtu ikiwa ninyi wawili ni vitukuu wa babu mmoja, au mna undugu wa karibu zaidi ya huo, na anaishi ndani ya maili 12, yaani kilomita 19 hivi. Kwa vipimo vyetu, jamaa wa mjini Kikuyu anaanza kupata kisingizio cha kutofika katikati ya Nairobi. Rafiki asiye ndugu hakudaiwa kitu.

Kutoa kulikuwa jambo la mtu binafsi: shukrani kwa waliomfaa, hasa katika mwaka uliopita. Kulianza mapema. Siku mtoto anapotimiza miaka mitatu, akiwa sasa anatembea na kusema, aliwapa wazazi wake kitu alichokipata mwenyewe, kwa kawaida kishada cha maua ya porini. Hata kwa watu wazima zawadi iliyofaa ilikuwa kitu chako au kilichotoka mikononi mwako, na kwa wahobiti wa hali ya chini kilikuwa mazao ya bustani.

Sasa, kwa nini mpango wa kutoa siku yako unaweza kufanya kazi bila kumfilisi mtu? Hapa Tolkien hasaidii sana. Hesabu zinazofuata ni zangu. Chukua chama cha watu 12. Kila mwezi wanachama 11 wanatoa shilingi elfu moja kila mmoja na mwenye zamu anaondoka na elfu 11. Hivyo ndivyo siku ya kuzaliwa ya kawaida inavyokwenda: wengi wanampa mmoja. Kigeuze chama hicho. Zamu yako ikifika, wewe ndiye unayempa kila mwenzako elfu moja. Mwaka ukiisha, kila mtu ametoa elfu 11 na amepokea elfu 11, sawa na mwanzo.

Kama njia ya kuweka akiba, chama hicho ni kibovu. Hakuna anayepata fungu la kununua friji. Kila mtu anapokea elfu moja moja, na pesa za namna hiyo huishia kwenye nauli. Ila kina faida zake. Kwanza, unahitaji kukumbuka tarehe moja tu katika mwaka mzima, nayo ni yako. Pili, hakuna anayeshtukizwa na gharama, kwa sababu siku ya kutumia inajulikana tangu ulipozaliwa. Tatu, anayekwepa hana pa kujificha. Katika chama cha kawaida mtegaji hukosa mchango huu, akaomba radhi kwa ule, na kila mmoja hudhani ni yeye tu aliyesahauliwa. Katika kile kilichogeuzwa ana siku moja ya kutoa, na wote wanatazama lango lake.

Zawadi moja kwa wiki inataka watu 52 wanaokukumbuka, na 52 wa kupewa nawe. Kwa hiyo vitu vilizunguka. Wahobiti walikuwa na vitu walivyoviita mathom, visivyo na matumizi lakini vinavyoonewa uchungu kutupwa, na nyingi za zawadi zilizopita mkono kwa mkono zilikuwa za aina hiyo. Hili halikuhitaji kubuniwa. Mwaka 1922 mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski alieleza jinsi watu wa visiwa vya Trobriand, Papua New Guinea, na majirani zao walivyopelekeana mikufu na bangili za kombe kisiwa hadi kisiwa, bila kitu kukaa muda mrefu kwa mtu mmoja. Ni Malinowski huyohuyo aliyemfundisha Jomo Kenyatta London na kuandika utangulizi wa kitabu chake juu ya Wakikuyu, 1938. Sisemi Tolkien alichota kwao. Ila barua yake ina harufu ya kazi za namna hiyo: mipaka ya undugu, umbali, saa ya kukabidhi.

Kuhusu saa alikuwa mkali. Zawadi ya ukoo ililetwa na mtoaji mwenyewe, mkesha wa siku, au kabla ya mlo wa mchana siku yenyewe. Ilipokewa faraghani, na kuzianika zawadi mbele za watu kulikuwa utovu wa adabu. Mtu alitoa kulingana na mfuko wake na mapenzi yake bila majirani kupata la kusema. Orodha ya michango inayorushwa kwenye kundi la WhatsApp, jina na kiasi, kila mara mmoja akiongeza, ingewaua kwa aibu.

Ndipo kisa cha mtoni kinapoeleweka. Déagol alikuwa jamaa, kwa hiyo alidaiwa zawadi, na alishaitoa asubuhi na mapema. Sméagol alimaanisha kwamba haikutosha. Déagol alisema ilizidi uwezo wake. Faragha iliyomlinda maskini asichekwe ilihakikisha pia kwamba hakuna mtu wa tatu aliyeiona zawadi hiyo.