Fahamu Itikadi ya Kidravida na Mgao wa Asilimia 69 wa Tamil Nadu

Kila inapokaribia Septemba 17, maswali kuhusu siasa za India Kusini huongezeka. Ndiyo siku aliyozaliwa E. V. Ramasamy, anayejulikana zaidi kwa jina la heshima la Periyar, na tangu mwaka 2021 serikali ya jimbo la Tamil Nadu huiadhimisha kuwa Siku ya Haki ya Kijamii. Maswali hayo yamezidi kwa sababu mbili. Kwanza, chuo cha teknolojia cha IIT Madras kilifungua kampasi yake Zanzibar mwaka 2023, na wazazi na wanafunzi wetu sasa wanafuatilia kwa karibu habari za Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu uliokuwa ukiitwa Madras. Pili, Aprili 30, 2025 Baraza la Mawaziri la India liliamua kwamba sensa ijayo, ambayo tarehe yake ya kuhesabia ni Machi 1, 2027, itauliza pia tabaka la kuzaliwa la kila mwananchi.

Kwa kuwa mengi yanayosambazwa kwenye makundi ya simu hayana msingi, tumeona ni vyema kutoa ufafanuzi wa itikadi ya Kidravida, yaani siasa ya India Kusini inayodai haki za jamii zilizobaguliwa kwa tabaka, na wa mgao wa asilimia 69, yaani sehemu ya nafasi za kazi za serikali na za masomo ambayo Tamil Nadu inazitengea jamii zilizoachwa nyuma. Makala haya ni ya elimu. Hayaungi mkono wala kupinga chama chochote cha India, na hayachukui nafasi ya ushauri wa mwanasheria.

Dai linaloturudia kuliko mengine yote ni kwamba itikadi ya Kidravida ni chuki ya rangi, weusi wa kusini dhidi ya weupe wa kaskazini. Si kweli, na tumelijibu mara nyingi. Wanaisimu wa karne ya 19, F. W. Ellis mwaka 1816 na Robert Caldwell mwaka 1856, walionyesha kwamba Kitamili, Kitelugu, Kikannada na Kimalayalam ni lugha za ukoo mmoja usiotokana na Kisanskriti. Na miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kulifanya jina la Dravida kuwa bendera ya siasa walikuwa wanyonge. Iyothee Thass, tabibu wa tiba ya Siddha kutoka jamii ya Paraiyar iliyohesabiwa kuwa najisi, alianzisha Dravida Mahajana Sabha mwaka 1891, robo karne kabla ya wanasiasa wakubwa wa Madras kujipanga. Hata baadhi ya wafuasi wa harakati hii huianza historia yao mwaka 1916 na kumwacha yeye nje. Hilo ni kosa, na lina uzito, kama itakavyoonekana huko mbele.

Malalamiko yanapogeuka waraka

Mwaka 1916 T. M. Nair, P. Theagaraya Chetty na C. Natesa Mudaliar waliunda chama kilichokuja kuitwa Justice Party, kutokana na jina la gazeti lake. Tamko lao la Desemba mwaka huo lilijengwa juu ya hesabu. Wabrahmini, tabaka la makuhani linalohesabiwa kuwa la juu kabisa, walikuwa takriban asilimia 3 ya wakazi wa Jimbo la Madras la enzi za Waingereza, ambalo Tamil Nadu ya leo ilikuwa sehemu yake, lakini zaidi ya theluthi mbili ya wahitimu wa Chuo Kikuu cha Madras walitoka kwao, na ndio walioshika sehemu kubwa ya nafasi za uhakimu wa wilaya. Anayesema chama hiki kilizaliwa na wivu azitazame kwanza takwimu hizo. Ofisi zinazosikiliza kesi, kupima ardhi na kukadiria kodi zikishikwa na jamii moja, wengine wote huwa waombaji katika nchi yao wenyewe.

Chama kilishinda uchaguzi wa 1920, ambao Congress, chama kikuu cha kupigania uhuru wa India, iliususia. Mwaka 1921 kilitoa waraka wake wa kwanza wa kugawa ajira za serikali kwa jamii, na mwaka huohuo baraza la kutunga sheria la Madras likaondoa kizuizi cha jinsia katika haki ya kupiga kura. Waraka huo wa kwanza haukuwa na nguvu ya kutosha. Ule wa 1927 ndio uliouma. Ulielekeza kwamba katika kila nafasi 12 za kazi, 5 ziende kwa Wahindu wasio Wabrahmini, 2 kwa Wabrahmini, 2 kwa Waislamu, 2 kwa Wakristo na machotara wa Kiingereza na Kihindi, na 1 kwa jamii zilizoitwa zilizokandamizwa. Mzunguko ukiisha, unaanza upya. Ofisa anayeajiri hakuulizwa anampenda nani. Aliulizwa amefika nafasi ya ngapi katika orodha.

Tunaomba msomaji asiuruke mgao huo kwa kuuona mkavu. Tazama pia kwamba Wabrahmini walitengewa nafasi 2 kati ya 12, zaidi ya mara tano ya uwiano wao katika idadi ya watu. Wanaoandika kwamba walifukuzwa serikalini hawajausoma waraka wenyewe.

Periyar aliingia kwa mlango mwingine. Alikuwa mtu wa Congress, na mwaka 1924 alikwenda Vaikom, katika ufalme wa Travancore, ambako watu wa matabaka ya chini walikatazwa hata kupita katika barabara zinazolizunguka hekalu. Alifungwa jela mara mbili. Mwaka 1925, katika mkutano wa Congress uliofanyika Kanchipuram, alitaka azimio la uwakilishi wa jamii zote lipitishwe. Lilikataliwa, naye akaondoka. Harakati yake ya Kujiheshimu ilianza mwaka huo, pamoja na gazeti la Kudi Arasu, na mkutano wake wa Chengalpattu wa 1929 ulipitisha maazimio yaliyowashtua wengi: binti arithi sawa na kaka yake, umri wa kuoa na kuolewa upandishwe, na watu waache kutumia majina ya tabaka.

Maazimio hayo hayakuishia jukwaani. Ndoa za kujiheshimu, zinazofungwa bila kuhani wala moto mtakatifu, zilikuwa zikipingwa mahakamani hadi serikali ya jimbo ya C. N. Annadurai, kiongozi wa chama cha Kidravida cha DMK, ilipozihalalisha kwa marekebisho ya sheria ya 1967. Utaratibu wake, kwa kuwa tunaulizwa, ni huu: mbele ya ndugu, marafiki au watu wengine, wahusika watamke kwa lugha wanayoielewa kwamba kila mmoja anamchukua mwenzake kuwa mume au mke, au wavishane mataji ya maua, au wavishane pete, au mume amfunge mke kidani cha thali. Moja kati ya hayo linatosha. Si lazima yote. Kifungu hicho kinahusu watu wanaohesabiwa Wahindu kisheria. Wa dini tofauti hutumia Sheria ya Ndoa Maalumu ya 1954. Ndoa zilizofungwa kwa njia hiyo kabla ya 1967 nazo zilitambuliwa, na watoto wake wakawa halali. Suala la urithi wa binti lilichukua muda mrefu zaidi: Tamil Nadu ililitungia sheria mwaka 1989, miaka 60 baada ya Chengalpattu, na India nzima ikafuata 2005.

Asilimia 69 inavyofanya kazi

Mwaka 1950 Katiba mpya ilipoanza kutumika, mwanamke Mbrahmini aitwaye Champakam Dorairajan alifungua kesi kupinga mgao wa nafasi za chuo cha udaktari. Mahakama Kuu ya Madras ilimpa ushindi, na Aprili 9, 1951 Mahakama ya Juu ikaafiki. Hukumu hiyohiyo inaonyesha kwamba hakuwa hata ameomba kujiunga na chuo hicho. Maandamano yalitikisa Madras, na ndani ya miezi michache Bunge lilifanya marekebisho ya kwanza kabisa ya Katiba ya India, likaongeza Kifungu cha 15(4) kinachoruhusu hatua maalumu kwa jamii zilizo nyuma. Nchi yote inatumia kifungu kilichotokana na ugomvi wa jimbo moja.

Tangu DMK ilipochukua serikali mwaka 1967, mgao ulipanda hatua kwa hatua. Mwaka 1971, baada ya ripoti ya tume ya Sattanathan, Jamii Zilizo Nyuma zilipanda kutoka asilimia 25 hadi 31, na Jamii Zilizoorodheshwa, yaani Wadaliti, watu wa jamii zilizohesabiwa kuwa najisi, pamoja na Makabila Yaliyoorodheshwa, kutoka 16 hadi 18. Mwaka 1979 M. G. Ramachandran, mwigizaji maarufu wa filamu aliyekuwa Waziri Mkuu wa jimbo, aliweka kikomo cha kipato cha rupia 9,000 kwa mwaka ili familia zenye uwezo zisinufaike. Mwaka uliofuata chama chake kilishindwa vibaya katika uchaguzi wa bunge la taifa. Akakifuta kikomo hicho, na mgao wa Jamii Zilizo Nyuma akaupandisha hadi asilimia 50. Hoja ya kipato ilikuwa na uzito wake, na kwa maoni yetu ilizikwa haraka mno kwa hofu ya kura.

Leo mgawanyo wa Tamil Nadu ni huu: asilimia 26.5 kwa Jamii Zilizo Nyuma, 3.5 kwa Waislamu walio katika kundi hilo, 20 kwa Jamii Zilizo Nyuma Zaidi, 15 kwa Jamii Zilizoorodheshwa, 3 kwa Waarunthathiyar ambao ni Wadaliti walioachwa nyuma na Wadaliti wenzao, na 1 kwa Makabila Yaliyoorodheshwa. Jumla ni 69. Mahakama ya Juu iliweka ukomo wa asilimia 50 mwaka 1992, lakini serikali ya Jayalalithaa, Waziri Mkuu wa jimbo wakati huo, ilitunga sheria ya jimbo ya kuulinda mgao huu, na Bunge likaiingiza katika Jedwali la Tisa la Katiba, orodha ya sheria zilizokusudiwa kukingwa dhidi ya kubatilishwa na mahakama, kwa Marekebisho ya 76 ya mwaka 1994. Kwa hiyo kuuita mgao huu "uvunjaji wa Katiba" bila kutaja Jedwali hilo ni kupotosha umma.

Asilimia 31 zinazobaki si za Wabrahmini wala za "watu wa daraja la juu". Tunaomba hili lieleweke mara moja na lisirudiwe tena. Ni nafasi za ushindani wa wazi. Zinajazwa kwanza, kwa alama tu, na mtu wa jamii yoyote. Mdaliti mwenye alama za kuingia humo anaingia humo, na hahesabiwi katika zile asilimia 15. Mgao wa jamii unajazwa baada ya hapo.

Wanafunzi wanaofuatilia IIT Madras wazingatie kwamba chuo hicho ni cha serikali kuu. Hakifuati asilimia 69 za jimbo, bali kanuni za kitaifa: 27 kwa Jamii Nyingine Zilizo Nyuma, 15 kwa Jamii Zilizoorodheshwa, 7.5 kwa Makabila Yaliyoorodheshwa, na 10 kwa maskini wasio katika makundi hayo. Hizi 10 za mwisho Tamil Nadu imekataa kuzitumia katika taasisi zake. Raia wa kigeni hahusiki na mgao wowote kati ya hiyo miwili.

Hati na adhabu

Anayedai nafasi lazima awe na hati ya jamii. Kwa Jamii Zilizoorodheshwa hutolewa na ofisa wa ardhi na mapato aitwaye tahsildar. Kwa Jamii Zilizo Nyuma na Zilizo Nyuma Zaidi, na naibu wake. Kwa Makabila Yaliyoorodheshwa, na ofisa wa ngazi ya juu zaidi, mkuu wa tarafa ya mapato. Mdaliti aliyeingia Ukristo hupoteza hadhi ya Jamii Zilizoorodheshwa kwa mujibu wa amri ya 1950, na Tamil Nadu humweka katika Jamii Zilizo Nyuma. Hati ya uongo ikigundulika hufutwa, na mwaka 2017 Mahakama ya Juu ilisema wazi kwamba aliyepata kazi au shahada kwa hati hiyo halindwi na miaka mingi ya utumishi. Anapoteza vyote.

Kumtukana au kumdhalilisha Mdaliti hadharani kwa sababu ya tabaka lake ni kosa chini ya sheria ya 1989 ya kuzuia ukatili: kifungo kisichopungua miezi 6 na kisichozidi miaka 5, pamoja na faini. Mtuhumiwa hapewi dhamana ya kabla ya kukamatwa kwa utaratibu wa kawaida. Mtumishi wa umma anayepuuza wajibu wake chini ya sheria hiyo naye anaweza kufungwa kuanzia miezi 6 hadi mwaka 1. Kesi husikilizwa katika mahakama maalumu.

Mahali ambapo waraka haukufika

Usiku wa Desemba 25, 1968, katika kijiji cha Kizhvenmani, wilaya ya Thanjavur, Wadaliti 44, wengi wao wanawake na watoto, walichomwa moto wakiwa hai ndani ya kibanda walimokimbilia. Walikuwa familia za vibarua wa mashamba ya mpunga waliojiunga na chama cha wafanyakazi na kudai nyongeza ya ujira. Serikali iliyokuwa madarakani ilikuwa ya DMK, mwaka wake wa pili. Wamiliki wa ardhi walitiwa hatiani, kisha Mahakama Kuu ya Madras ikawaachia huru.

Tunalitaja tukio hili kwa sababu linaonyesha mpaka wa mafanikio yote tuliyoyaeleza. Harakati ya Kidravida ilikuwa hodari pale palipokuwa na orodha ya nafasi za kugawa: ofisi, vyuo, baraza la mawaziri. Shamba halikuwa na orodha. Mashamba mengi hayakuwa mikononi mwa Wabrahmini bali mwa jamii zisizo za Kibrahmini, zile zile ambazo waraka wa 1927 ulizipa nafasi 5 kati ya 12. Kiongozi wa Wadaliti M. C. Rajah alikwishaliona hilo mapema. Alijitoa katika Justice Party mwaka 1923. Hadi leo vijana wa Tamil Nadu huuawa na ndugu zao kwa kuoana nje ya tabaka, na mara nyingi wauaji hutoka katika jamii zinazohesabiwa kuwa nyuma. Anayetuambia kwamba ubaguzi wa Tamil Nadu ni suala la Mbrahmini peke yake tunamwelekeza Kizhvenmani.

Ndiyo maana asilimia 3 za Waarunthathiyar, zilizotengwa mwaka 2009 ndani ya mgao wa Wadaliti, zina maana kubwa kuliko ukubwa wake. Jamii hii ndiyo iliyosukumiwa kazi ya kuzoa kinyesi na kusafisha mitaro, na katika ushindani na Wadaliti wengine ilikuwa ikitoka mikono mitupu. Agosti 1, 2024 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba majimbo yana mamlaka ya kugawa mgao wa Wadaliti kwa namna hiyo, ikiwamo sheria ya Tamil Nadu, mradi yawe na takwimu za kuonyesha nani yuko nyuma ya nani. Takwimu hizo ndizo zinazosubiriwa katika sensa ya 2027.