Echeveria si mmea wa jangwani

"Hautaki maji huo, ni wa jangwani." Kauli hii ndiyo mama wa makosa mengi. Echeveria, ule mmea mfupi wa majani manene yaliyojipanga kama waridi, kwao hasa ni Mexico, na spishi nyingi huota milimani, kwenye miamba na magenge. Mvua huko hunyesha vizuri msimu wake ukifika, ila maji hayatuami: hupita mizizini, yakateremka, mwamba ukakauka.

Kwa hiyo ule ushauri wa kijiko kimoja kila Jumapili uache. Mwagilia mpaka maji yatokee chini ya chungu, kisha usiuguse hadi udongo ukauke mpaka ndani. Kupima, chomeka kijiti cha mishikaki hadi chini, kiache kidogo, kichomoe. Kikitoka na udongo umekigandia, subiri. Ratiba ya Arusha haiwezi kuwa ya Dar es Salaam. Pwani hewa ina unyevu na usiku una joto, chungu hukawia kukauka.

"Majani yamenywea, ongeza maji." Taratibu. Jani lililokunjamana lakini rangi yake ipo lina kiu kweli. Likiwa la njano, teketeke, na linadondoka ukiligusa tu, huenda mizizi imeanza kuoza, na maji zaidi yataumalizia. Yale yaliyokauka chini kabisa ni uzee. Yatoe, maana vidung'ata, wadudu wadogo weupe wanaofyonza mimea, hupenda kujificha humo.

Kokoto chini ya chungu ndizo zenye watetezi wengi, hata wauza miche. Wanasema zinapitisha maji. Lakini maji hayatoki upesi kwenye udongo wenye vitundu vidogo kwenda kwenye mapengo makubwa ya kokoto. Hung'ang'ania juu yake, hivyo sehemu yenye tope inasogea karibu zaidi na mizizi. Changarawe ichanganye humo humo kwenye udongo, karibu nusu kwa nusu, pamoja na mchanga wa mtoni wenye punje kubwa. Wa baharini una chumvi. Na chungu kiwe na tundu. Kikombe kizuri kisicho na tundu kitoboe au kirudishe kabatini.

"Unafaa meza ya sebuleni." Kwa wiki chache, labda. Mwanga ukiwa hafifu shina hurefuka, majani huachana, na shina hilo halifupiki tena. Dawa ni kukata kichwa, kuacha kidonda kikauke siku kadhaa, kisha kukipanda kichwa hicho upya. Usiutoe gizani ukauweka moja kwa moja kwenye jua la saa saba, utaungua. Anza na jua la asubuhi.

Ule unga mweupe si vumbi, ni nta inayolikinga jani na jua. Ukiufuta, alama ya kidole inabaki hapo hapo.

Wapo pia wanaokata bua la maua likichomoza tu, wakiamini mmea ukichanua utakufa. Hofu hiyo ina haki kwa mkonge, ambao nao asili yake ni Mexico na uliletwa Tanga mwaka 1893: ukishatoa mlingoti wake wa maua, hufa. Echeveria huchanua mwaka huu na mwakani pia. Acha maua yaishe, bua likikauka ndipo ulikate.