Je, wajua kwa nini picha za vita za Goya zilitolewa miaka 35 baada ya kifo chake?

Kwa muda mrefu niliamini kwamba picha za mchoraji Mhispania Francisco Goya kuhusu vita vya Hispania zilifanya kazi ya mabango: zimechapwa usiku, zimebandikwa ukutani alfajiri, wananchi wamezizunguka, askari wa Napoleon wanakuja kuzichana. Niliegemea hoja iliyoonekana haina kasoro. Chapa ni sanaa ya nakala nyingi, na mtu hahangaiki kutengeneza bamba la shaba la kutoa mamia ya nakala ili akalifungie ndani. Kumbe Goya alifanya hivyo hasa.

Vita vile, vya Wahispania dhidi ya majeshi ya Napoleon wa Ufaransa, vilianza mwaka 1808 na kwisha 1814. Goya, mchoraji wa mfalme ambaye tayari alikuwa kiziwi, alianza mabamba yake mwaka 1810 na kuendelea nayo kwa takriban miaka 10. Mwaka 1824 alihamia Ufaransa akayaacha Madrid, na mwaka 1828 akafia Bordeaux. Toleo la kwanza, lenye picha 80, lilitolewa na Akademia ya sanaa ya San Fernando ya Madrid mwaka 1863. Hakuna askari wa Napoleon aliyepata nafasi ya kuzichana. Hata jina tunalolitumia, Los Desastres de la Guerra, yaani Maafa ya Vita, lilikuja na toleo hilo. Albamu ya nakala za majaribio ambayo Goya alimpa rafiki yake Ceán Bermúdez ina jina jingine, refu zaidi, linaloanza na maneno “Matokeo ya maangamizi”.

Kwa nini alizificha? Jibu linakisiwa kutokana na mazingira ya wakati ule, ila mazingira yenyewe yanasema mengi. Mfalme Ferdinand VII aliporudi mwaka 1814 alifuta katiba na kurudisha Baraza la Inkwizisheni, mahakama ya Kanisa ya kuwasaka wazushi, na picha za mwisho katika mfululizo huu zinawashambulia waziwazi makasisi na utawala wa namna hiyo. Tena Goya alikwishaonja: mwaka 1799 aliuza picha zake za dhihaka, Los Caprichos, akaziondoa sokoni muda mfupi baadaye.

Mimi naongeza sababu nyingine, ambayo iko ndani ya picha zenyewe. Bango la vita huhitaji adui mmoja. Katika picha ya 3 Mhispania ameinua shoka juu ya askari wa Kifaransa aliyeanguka, na maelezo yake ni “Lo mismo”: ni yaleyale. Ukuta gani wa mwaka 1810 ungelipokea hilo, na upande gani ungelibandika?

Lakini bado kuna swali: kama hakutaka au hakuweza kuzitoa, kwa nini hakuchora tu kwenye karatasi? Hapa inabidi tuingie karakanani.

Msanii huchukua bamba la shaba nyekundu na kulipaka nta. Kisha huchora kwa sindano, akiikwangua nta bila kuichimba shaba. Bamba likitumbukizwa kwenye asidi, nta hufanya kazi ya ngozi: palipo pazima asidi haiingii, palipokwaruzwa inapenya na kula. Mistari inageuka kuwa mitaro. Bamba zima hupakwa wino, kisha uso wake hufutwa. Kumbuka ua uliosakafiwa baada ya mvua: juu pamekauka, maji yamebaki kwenye nyufa. Wino nao hubaki mitaroni, na karatasi mbichi ikigandamizwa kwa nguvu huuvuta kutoka humo.

Hiyo ni mistari tu. Kwa vivuli, Goya alitumia akwatinta. Unga wa utomvu mkavu hunyunyizwa juu ya bamba na kupashwa moto hadi chembe zishike. Kila chembe ni kokoto, na asidi hupita katikati ya kokoto hizo. Ukizisafisha, inabaki ardhi yenye vishimo visivyohesabika, inayonywa wino. Dakika chache ndani ya asidi hutoa kijivu. Ukizidisha muda, giza linakolea. Yaani usiku ulio nyuma ya maiti alizozichora Goya ulipimwa kwa saa.

Basi bamba ni ghala la picha. Karatasi ikiungua, picha imekwisha. Bamba hukaa kimya miaka 40 na bado likatoa nakala. Goya aliithamini shaba kiasi kwamba, ilipoadimika wakati wa vita, alikata mabamba yake ya zamani yenye mandhari akachora nyuma yake. Mtu asiyetarajia watazamaji hafanyi hivyo. Picha ya 44 inaonyesha watu wakikimbia, mama akimvuta mtoto. Chini yake: “Yo lo vi”, niliona mwenyewe. Ya 45 inaendelea: “na hili pia”. Huo ni ushahidi uliowekwa akiba.

Anayetaka kuzungumza na watu wa barabarani papo hapo huchagua njia nyingine. Msanii Mjerumani Käthe Kollwitz, aliyempoteza mwanawe Peter vitani Oktoba 1914, alitumia zote mbili. Msiba wake aliuchonga polepole kwenye mbao, picha 7 za mfululizo wa Vita. Mwaka 1924 mkutano wa vijana mjini Leipzig ulipohitaji bango, alitumia litografia, yaani uchapaji wa jiwe: unachora kwa chaki ya mafuta, hakuna kuchimba wala kungoja asidi, kwa sababu mafuta hushika wino na sehemu iliyoloweshwa maji huukataa. Kijana ameinua mkono juu, na maneno “Nie wieder Krieg”, vita visirudi tena, yanaonekana yameandikwa kwa pumzi moja.

Kuchelewa kwa Goya kuliacha alama hata kwenye wino. Wachapaji wa 1863 hawakufuta mabamba hadi yang’ae. Waliacha utando mwembamba juu yake, na karatasi zao zina ukungu. Albamu ya Ceán, iliyoko British Museum, London, haina ukungu huo. Ndani yake, pasipotiwa akwatinta, anga ni nyeupe, na miili iko kwenye mwanga mkali wa mchana.