Tepe Hazitaji Kikosi: Kusoma Sare katika Picha za Askari wa Zamani

Alama ya kikosi ni ile inayoonyesha askari alikuwa wa chombo gani cha jeshi: batalioni, regimenti, brigedi au divisheni. Huvaliwa kofiani, kwenye ukosi, au begani. Maana yake ni hiyo, haina zaidi. Shida ni kwamba sare hiyohiyo hubeba alama nyingine chungu nzima zisizohusu kikosi, na picha za babu zetu zikishatolewa sandukuni, zote hutiwa kapu moja. Nimeshasoma mara nyingi mno maelezo ya namna hii: "Ana tepe tatu, kwa hiyo alikuwa Keya." Keya ni jina ambalo wazee waliipa King's African Rifles, yaani KAR, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki. Tepe haziwezi kutuambia hivyo.

Tepe za umbo la V zilizoshonwa juu ya kiwiko, ncha ikitazama chini, ni cheo. Moja ni lansi koplo, mbili koplo, tatu sajenti. Ndivyo zilivyokuwa kwa KAR, na ndivyo zilivyokuwa kwa madereva, wahandisi na wahudumu wa tiba waliotumikia jeshi la Waingereza bila kuwa Keya hata siku moja. Hata askari wa Schutztruppe, jeshi la Mjerumani lililokuwa Tanganyika kabla ya Mwingereza, walivaa tepe za V mkononi na tarbushi kichwani. Hao usiwatafute kwenye tepe. Tazama kofia: mbele ya tarbushi mara nyingi utaona tai wa Kaiser, mfalme wa Ujerumani.

Mahali zilipo tepe pia pana maana. Zikikaa karibu na kifundo cha mkono, ncha ikitazama juu, hata cheo si. Kwa utaratibu wa jeshi la Uingereza, za mkono wa kushoto zilikuwa za mwenendo mwema, na za mkono wa kulia, katika vita vya 1914 hadi 1918, zilionyesha utumishi wa ng'ambo. Mwenye tepe kadhaa hapo chini huenda alikuwa askari asiye na cheo chochote, aliyetumikia miaka bila doa. Hiyo ni heshima yake kamili, na inatosha bila kumpandisha usajenti.

Kosa la pili linaniumiza zaidi kwa sababu linabadilisha maisha ya mtu. Watu huona tarumbeta kwenye beji ya kofia, kisha wanaandika kwamba marehemu alikuwa mpiga tarumbeta katika bendi. Tarumbeta hiyo ni ya regimenti nzima. Vikosi vya Uingereza vilivyoitwa Rifles vilipigana vikiwa vimetawanyika, na amri zao zilipitishwa kwa tarumbeta badala ya ngoma. Ndiyo maana chombo hicho kikawa alama yao, na KAR ikairithi. Aliyeivaa kofiani huenda hakuwahi kupuliza kitu.

Batalioni ndiyo inayotafutwa na wengi, maana ndiyo inayoelekeza kwenye nchi. Tarbushi nyingi za KAR zilikuwa na namba ya batalioni, nyingine kwa tarakimu za Kirumi, nyingine za Kiarabu. Ya 1 na ya 2 zilikuwa za Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, ya 3 ya Kenya, ya 4 ya Uganda. Namba 6 inataka uangalifu: mwanzoni ilikuwa batalioni ya Somaliland, ikavunjwa 1910, kisha ikaundwa upya 1917, ikiwachukua askari waliokuwa wa Mjerumani, na hatimaye ikawa ya Tanganyika. Kwa hiyo namba bila tarehe ya picha ni nusu ya jibu.

Na usitegemee rangi. Baadhi ya vikosi vya Nyasaland vilivaa tarbushi nyeusi, vingine vya KAR vikavaa nyekundu kwenye gwaride, lakini filamu nyingi za zamani hazikuhisi mwanga mwekundu. Nyekundu ilitoka nyeusi. Waliosema "tarbushi nyeusi, basi ni Mnyasa" wamehamisha watu kutoka Kenya na Uganda kwa sababu ya kemikali za mpiga picha. Angalia pia kama picha haikugeuzwa ilipochapishwa; vifungo vya koti la mwanamume vikifunga kinyume, basi kushoto na kulia vyote vimebadilishana, pamoja na zile tepe.

Limebaki suala la begani katika Vita Vikuu vya Pili. Kichwa cha kifaru, yule mnyama mwenye pembe, ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa 1943 na kupigana Burma mwaka 1944, kupitia bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Ndani yake mlikuwa na batalioni za KAR kutoka nchi mbalimbali, na mlikuwa pia na batalioni ya Northern Rhodesia Regiment, ambayo si KAR, pamoja na wapiga mizinga na madereva. Wote hao walihesabiwa chini ya kifaru mmoja. Alama hiyo inakuambia alikwenda vitani na nani. Haikuambii aliandikishwa wapi.

Kwa hiyo mwenye picha ya mjomba aliye na kifaru begani na tepe mbili, naomba chini yake aandike: "Koplo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, si kabla ya 1943, batalioni haijajulikana." Neno Keya liongezwe siku itakapoonekana beji ya kofia, au karatasi yake ya kuachishwa jeshi.