Mionzi baada ya upasuaji wa saratani ya puru

"Daktari, si mlishautoa uvimbe wote? Mionzi ya nini tena?" Swali hili nimelizoea, na mara nyingi anayeliuliza amekalia upande mmoja kwa sababu kidonda bado kinamsumbua.

Jibu limo kwenye ripoti ya patholojia, yaani uchunguzi wa maabara wa nyama iliyokatwa. Puru, sehemu ya mwisho ya utumbo mpana, imebanana ndani ya nyonga pamoja na kibofu, tezi dume au mji wa mimba, kwa hiyo mpasuaji hana nafasi ya kukata kwa mapana. Seli za saratani zikionekana kwenye mitoki (tezi ndogo za kinga ya mwili), au milimita 1 tu kutoka ukingo uliokatwa, tunahofia masalia ambayo jicho haliyaoni. Hayo ndiyo mionzi inayafuata.

Niseme ukweli: uvimbe ukijulikana mapema kuwa umesambaa hadi nje ya ukuta wa puru, tunapendelea mionzi itangulie kisu. Utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2004 ulionyesha kuwa ndani ya miaka 5 saratani ilirudi nyongani kwa asilimia 6 ya waliotanguliziwa mionzi na kemo (dawa za kuua seli za saratani), na asilimia 13 ya waliopewa baadaye, ingawa kwa muda wa kuishi hawakupishana. Mionzi ya baadaye ni ya wale ambao ukubwa wa ugonjwa ulijulikana wakiwa wameshapasuliwa.

Tunasubiri kidonda kipone. Kisha dozi, kwa kawaida grei (kipimo cha mionzi) 45 hadi 50.4, inagawanywa kidogo kidogo, siku 5 kwa wiki, kwa wiki 5 au 6, mara nyingi pamoja na vidonge vya kemo.

Wagonjwa hulalamikia sana agizo la kubana mkojo. Puru ikiondolewa, utumbo mwembamba huteremka kujaza pengo, nao hauvumilii mionzi. Kibofu kilichojaa huusukuma juu, ukae mbali na miale. Ukienda haja kwanza, tutakurudisha kwenye benchi unywe maji upya. Mezani kwenyewe ni dakika chache, na hutahisi kitu.

Tarajia uchovu, kuhara, mkojo unaochoma na ngozi kuwasha kwenye makalio. Mionzi ya nyonga inaweza pia kuharibu uwezo wa kuzaa na nguvu za tendo la ndoa. Watu huona haya kuuliza, na mayai au mbegu huhifadhiwa kabla ya siku ya kwanza, si baada yake. Mjukuu mpakate tu: mashine ikizimwa, hakuna mionzi inayobaki mwilini mwako.