Sufi chafu ya matairi na nafasi yake katika lami

Zikitajwa habari za kurejeleza matairi, wengi hufikiria mpira, na waliowahi kuingia kiwandani huongeza chuma. Kinachosahaulika ni nyuzi za poliesta, nailoni na rayoni zinazolipatia tairi la gari dogo umbo na uimara, ambazo ni takriban asilimia 5 ya uzito wake. Tairi la lori la kisasa halina nyingi, kwa kuwa humo kazi hiyo hufanywa na waya wa chuma. Fundi wa katambuga anazifahamu vyema, kwani ndizo zinazochomoza kisuni anapoambua tairi kuukuu tabaka kwa tabaka.

Kiwandani tairi husagwa, sumaku ikavuta chuma, kisha chekeche na upepo vikatenga chembe za mpira na kitu cha kijivu mfano wa sufi iliyotolewa kwenye godoro bovu. Taabu huanzia hapo. Sufi hiyo hubeba unga wa mpira, ambao mara nyingi huizidi kwa uzito. Nyuzi zenyewe ni fupi na zimesokotana, na lundo lake hushika moto upesi. Kwa hiyo sehemu kubwa huishia kuchomwa katika tanuri za saruji au kufukiwa.

Mwanzoni nilidhani dawa ni kuisafisha. Kila nilipoichekecha upya, unga ulipungua, lakini nyuzi nzuri nazo zilipotea pamoja nao, na gharama ikapanda. Hatimaye nikaligeuza swali: ni matumizi gani ambayo unga huo hauyadhuru?

Jibu lililoniridhisha ni lami, hasa ile aina yenye kokoto kubwa zinazogusana, iliyobuniwa Ujerumani katika miaka ya 1960. Aina hiyo huhitaji kwa wingi ile lami nyeusi yenyewe inayogandisha kokoto, nayo ikiwa bado ya moto huchuruzika hadi sakafuni mwa lori kabla ya kufika barabarani. Ndiyo maana hutiwa nyuzi za selulosi, yaani nyuzi za mimea, kama asilimia 0.3 ya uzito, ziishike. Nyuzi za tairi huweza kushika nafasi hiyo, kwa kuwa mchanganyiko hupikwa kwenye nyuzijoto 170 hivi, ilhali poliesta huyeyuka karibu na 260. Unga wa mpira nao si mgeni humo: mhandisi Charles McDonald alianza kuuchanganya na lami huko Phoenix, Marekani, katika miaka hiyohiyo ya 1960. Nchini Italia, mradi wa REFIBRE-LIFE ulifuata njia hii ya barabara.

Kwenye zege mambo ni magumu zaidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, wameonyesha kwamba nyuzi hizi hupunguza kupasuka kwa zege linapoungua, lakini huko usafi hauepukiki, kwani chembe za mpira hupunguza nguvu zake.

Kinachonishughulisha sasa ni kuibana sufi hii iwe vidonge vya kutiwa kwenye lami, maana haimiminiki mpaka ishindiliwe. Vikibanwa kidogo huvunjikia njiani. Vikibanwa sana havifunguki ndani ya mtambo wa lami, ambao hukoroga kila mkupuo kwa dakika moja hivi tu.