Je, Wajua Kwa Nini Neno "Superficial" Liliwahi Kuwaponza Wagonjwa?

Mwanafunzi akirudishiwa insha iliyoandikwa "superficial" pembeni, haulizi maana: ameandika kijuujuu, mada hakuizamia. Hiyo ndiyo maana iliyozoeleka ya kivumishi hiki cha Kiingereza, nayo hubeba lawama. Hata hivyo, asili yake ni neno la Kilatini "superficies", yaani uso wa kitu, lililoundwa kwa "super", juu, na "facies", sura. Na kwa maana hiyo halimlaumu mtu, linataja tu mahali kitu kilipo.

Madaktari wangali wakilitumia hivyo. Ngozi iliyoungua "superficial" ni ile iliyoungua tabaka la juu tu, bila kutoa malengelenge, na wengi hudhani basi haiumi, ilhali huuma sana, wakati moto uliopenya kina kabisa huenda usisikike pale ulipounguza kwa kuwa umekwisha kuua neva zenyewe.

Kosa la kutisha zaidi lilihusu paja. Humo mna vena kubwa, yaani mshipa unaorudisha damu moyoni, iliyo ndani kabisa ya misuli, ambayo kwa miaka mingi waganga waliiita "superficial femoral vein" ("femoral vein" ni vena ya paja) kwa sababu tu iko nje kidogo kuliko nyingine iliyo ndani zaidi. Damu ikiganda humo, bonge linaweza kung'oka, likapanda hadi mapafuni na kumuua mgonjwa, kwa hiyo huhitaji dawa ya kuzuia damu isigande. Sasa mfikirie daktari aliyepokea majibu ya kipimo, akakuta neno hilo moja, akaamini kwamba tatizo liko kwenye mishipa midogo ya chini ya ngozi, akamruhusu mgonjwa arudi nyumbani bila dawa. Mwaka 1995 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha makala iliyoonya kwamba jina hilo linaweza kuua, na wataalamu wakahimizwa kuiita "femoral vein" tu.

Kwa hiyo mfasiri asikimbilie "kijuujuu" kila alionapo neno hili. Jeraha ni "la juujuu", mshipa ni "wa karibu na ngozi", watu wawili "wanafanana sura tu", na mtu anayejali mavazi na sifa kuliko utu tunasema "hana undani". Ni katika mfano huo wa mwisho, pamoja na ile insha, ndipo lawama inapostahili kusikika.